Kasi ya Chini au Kima cha Chini cha Kasi? Upepo, Saruji na Istilahi Mjini Voi

Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Voi, na miongoni mwa malori yanayopanda kutoka pwani mna yale yabebayo matangi ya saruji isiyotiwa mifukoni. Saruji hiyo haipakuliwi kwa sepetu. Mashine hupuliza hewa ndani ya tangi, saruji ikachanganyika nayo, na mchanganyiko huo ukasukumwa kwa mpira mnene na bomba la chuma hadi kileleni mwa silo. Kazi hii yote hutegemea sharti moja: hewa isipungukiwe na kasi kupita kiasi fulani. Ikipungukiwa, saruji hutuama, kisha husakama bombani kama tonge kooni.

Kwa mtazamo wa haraka, sharti hilo ni la kushangaza. Chembe ya saruji yenye kipenyo cha sehemu 3 katika 100 za milimita, ikiachwa ianguke peke yake katika hewa tulivu, huteremka kwa chini ya sentimita 10 kwa sekunde. Mtu angedhani kwamba upepo hafifu ungetosha kuichukua. La hasha. Kwa saruji inayosafirishwa ikiwa imetawanyika hewani, aghalabu wahandisi hutaka hewa isiyopungua mita 10 hadi 15 kwa sekunde. Na mita 15 kwa sekunde ni kilomita 54 kwa saa, mwendo wa gari. Sababu ni kwamba katika bomba lililolala hewa haivumi kuelekea juu. Hiyo huenda kando, ilhali mvuto wa dunia unazivuta chembe chini. Kinachozishikilia ni msukosuko wa hewa, nao hudhoofika karibu na ukuta wa bomba. Isitoshe, chembe haziendi moja moja: hugongana, hushikamana, hukwaruza ukuta, na kila mgongano huipokonya hewa nguvu.

Dhana hii si ngeni kwa lugha ya Kiswahili. Mkulima wa tambarare za Taita apepetapo mtama au pojo hutumia kanuni ileile: upepo ukitosha makapi hupeperuka, nafaka ikarudi ungoni. Msamiati wa kazi hiyo ni mpana (kupeta, kupepeta, kupembua, makapi, wishwa, chenga, pumba) na kila neno hubainisha kitu kwa uzito au kwa ukubwa wake. Tofauti ni ya lengo tu. Unguni upepo hutakiwa kubagua. Bombani hutakiwa kuchukua vyote, chenga na vumbi pamoja.

Penye utata zaidi ni mahali pa kupimia kasi. Hewa hubanika. Mwanzoni mwa bomba kanieneo ni kubwa, hivyo hewa imebanwa na huenda polepole. Kadiri inavyoelekea kwenye silo hutanuka na kuongeza mwendo. Kanieneo ya mwanzoni ikiwa mara 2 ya ile ya mwishoni, na bomba likiwa na upana uleule, hewa inayoingia kwa mita 15 kwa sekunde itatoka kwa mita 30. Kwa hiyo hatari iko pale saruji inapoingilia, wala si kwenye silo ambako vumbi linaonekana likienda mbio. Hapa pana mtego: mwendeshaji akiharakisha kazi kwa kufungulia saruji nyingi zaidi, kanieneo ya mwanzoni hupanda, hewa hubanwa zaidi, na kasi hupungua papo hapo panapohitaji kasi.

Kuzidisha hewa kiholela nako si dawa. Mwendo ukiongezwa mara 2, ulikaji wa viwiko vya bomba unaweza kuongezeka mara 6 au zaidi, na nishati hupotea bure. Ipo pia njia nyingine, ya kuisukuma saruji ikiwa nzito, ikitiririka mithili ya uji, ambapo mita 3 hivi kwa sekunde zinaweza kutosha endapo kanieneo ni ya kutosha.

Hapo ndipo suala la istilahi linapokuwa zito. Mjini Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016 na kinachofundisha uhandisi wa madini. Mafunzo ya uhandisi nchini Kenya hutolewa kwa Kiingereza, ijapokuwa Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Lakini dereva wa lori na mwendeshaji wa silo huelewana kwa Kiswahili. Mfasiri atakayeandika ubaoni "tumia kasi ya chini" amefuata kamusi na kuziba bomba, kwani msomaji ataelewa kuwa aendeshe hewa polepole. Maana iliyokusudiwa ni mpaka usiovukwa kuelekea chini. Kiswahili tayari kina muundo wa maana hiyo katika "kima cha chini cha mshahara", ambao hakuna mfanyakazi anayedhani unamwamuru mwajiri alipe kidogo. Basi na iwe "kima cha chini cha kasi", au kwa lugha ya ubaoni, "kasi isipungue".

Vivyo hivyo inafaa kutenganisha "kutuama" na "kusakama". Saruji iliyotuama imetandaza tabaka sakafuni mwa bomba huku hewa ikiendelea kupita juu yake. Iliyosakama imeziba njia nzima. Ya kwanza haiondoki kwa kuirudisha hewa kwenye kima chake tu, kwa kuwa unga uliokwisha kulala na kushikamana huhitaji nguvu zaidi kuinuliwa kuliko ule ambao bado unaelea. Hufungwa kwanza saruji, hewa tupu ikaachwa isafishe bomba. Ya pili ni mbaya zaidi: kuongeza kanieneo nyuma yake kunaweza kuishindilia ikawa ngumu zaidi, hivyo hewa hupunguzwa kwanza kwa usalama kabla ya bomba kuzibuliwa.