Orodha ya Anwani ni Amana: Namna Barua Pepe Inavyotumika Kutangaza Bidhaa na Huduma

Mteja anunuaye nyanya gengeni leo huonekana tena kesho. Sivyo ilivyo kwa mgeni aliyelala usiku mmoja katika nyumba ya wageni akiwa safarini, wala kwa mtalii aliyenunua kikapu cha ukindu, wala kwa mkaangaji kahawa wa ng’ambo aliyenunua magunia machache kutoka chama cha ushirika. Hao wakishaondoka huenda wasirudi, hata kama waliridhika kabisa, kwa sababu hakuna aliyewakumbusha. Makala haya yanaeleza chombo kimoja cha kuwakumbusha wateja wa namna hiyo, yaani barua pepe. Yanaeleza pia watu na taasisi mbalimbali wanavyokitumia, na wajibu unaomwangukia kila anayehifadhi anwani za wenzake.

Chombo kikongwe chenye sura mbili

Barua pepe ina umri mkubwa kuliko mitandao yote ya kijamii tunayoitumia sasa. Mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao mwaka 1971. Haikuchukua muda mrefu biashara ikaingia. Mnamo Mei 1978, Gary Thuerk, afisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia mtandao huo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameomba kuandikiwa. Wengi walikasirika na mtumaji akaonywa, lakini kampuni ilipata wanunuzi.

Tangu siku hiyo sura mbili za chombo hiki hazijabadilika: barua pepe inauza, na barua pepe inaudhi. Ipi kati ya hizo itamfikia mpokeaji hutegemea zaidi jambo moja, nalo ni kama aliridhia kuandikiwa.

Tofauti ya barua pepe na ukurasa wa mtandao wa kijamii ni hii. Ukurasa ni mali ya kampuni inayoumiliki mtandao. Kampuni hiyo ndiyo huamua ni wangapi kati ya wafuasi wako watakaoliona tangazo lako, na akaunti ikifungwa au ikiibiwa, wafuasi wote hupotea nayo. Orodha ya anwani, kwa upande mwingine, hubaki mikononi mwa aliyeikusanya. Simu ikiharibika, orodha iliyotunzwa vizuri mahali pengine haiharibiki nayo.

Wanavyoitumia watu wa namna mbalimbali

Wauzaji wa bidhaa. Maduka makubwa yanayouza kwa intaneti huandika barua kulingana na tendo la mteja. Aliyejiandikisha leo hupata barua ya kumkaribisha. Aliyechagua bidhaa akaondoka bila kulipa hukumbushwa. Aliyenunua hupata risiti, kisha baada ya siku chache huulizwa kama ameridhika. Barua hizi hujituma zenyewe kwa programu maalumu. Mfanyabiashara mdogo hahitaji mitambo hiyo ili afuate kanuni iliyomo ndani yake: mwandikie mtu jambo linalohusiana na alichokifanya, na uliandike kwa wakati wake.

Wenye nyumba za wageni na waongoza watalii. Hawa huishi kwa misimu. Mgeni huandikiwa kabla hajafika, akaelezwa njia, hali ya hewa na nguo za kubeba. Akisharudi kwao hushukuriwa, na baadaye hukumbushwa pale msimu unapokaribia. Mwongoza watalii wa Serengeti, kwa mfano, ana habari za kuandika takriban mwaka mzima: nyumbu huzaa katika nyanda za kusini kati ya Januari na Machi, nao huvuka Mto Mara kati ya Julai na Septemba au zaidi. Mwenye nyumba ya wageni naye anaweza kutumia miezi ya masika, ambapo vyumba huwa vitupu, kuwapunguzia bei wageni wa zamani.

Vyama vya ushirika na wazalishaji. Mnunuzi wa kahawa au asali aliye mbali hununua pia imani. Anataka kujua kama mvua zilinyesha, mavuno yataanza lini, mzigo umefika hatua gani na ubora wake ukoje. Ushirika wa kahawa nchini una historia ndefu, maana chama kikuu cha KNCU cha Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1933, na tangu enzi hizo mawasiliano na masoko ya mbali yamekuwa sehemu ya kazi ya ushirika. Barua tatu au nne kwa mwaka, zikiwa na picha chache za shamba na takwimu za kweli za mavuno, hutosha kumfanya mnunuzi amkumbuke mzalishaji wakati wa kuagiza unapofika.

Mashirika ya hiari. Haya huwaandikia wafadhili wadogo na wakubwa. Udhaifu wa mashirika mengi ni kuandika pale tu yanapohitaji fedha. Yanayodumu hutanguliza hesabu: kisima kilichimbwa wapi, kimegharimu kiasi gani, kinawahudumia akina nani. Ombi jipya hufuata baada ya hapo, na mfadhili hulisoma akiwa tayari anajua mchango wake wa awali ulifanya nini.

Wanasiasa. Katika kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 2012, timu ya Barack Obama ilichangisha fedha nyingi kwa barua pepe. Kabla ya kutuma barua kwa mamilioni ya watu, ilijaribu mada kadhaa kwa makundi madogo ya wapokeaji ili kuona ipi inafunguliwa na kuchangiwa zaidi. Barua moja, ambayo mada yake ilisema kwamba mgombea atazidiwa matumizi na mpinzani wake, iliingiza zaidi ya dola milioni 2.5. Zoezi hilo linafundisha kupima kabla ya kutuma. Linatukumbusha pia kuwa barua inaweza kuundwa kwa makusudi ili iguse hofu ya msomaji, kwa hiyo msomaji asikimbilie kutoa fedha kabla hajatafakari.

Shule na vyuo. Taasisi za elimu huwaandikia waliohitimu, kuwapa habari za chuo na kuwaomba wachangie maktaba, maabara au ada za wanafunzi wasiojiweza. Mhitimu hubadilisha namba ya simu mara nyingi, lakini watu wengi hukaa na anwani moja ya barua pepe kwa miaka mingi.

Benki na ofisi za umma. Hapa ni vema kutenganisha mambo mawili. Taarifa ya huduma, kama vile risiti ya malipo, stakabadhi au ukumbusho wa tarehe ya mwisho, si tangazo, kwani mteja anaihitaji. Tangazo la mkopo mpya ni jambo jingine hata likitumwa na benki ileile. Taasisi inayochanganya mawili hayo katika barua moja humfanya mteja aache kusoma yote, ikiwamo taarifa ambayo angeumia kwa kuikosa.

Watu binafsi. Waandishi, wanamuziki, washauri wa kilimo na mafundi huandika barua ya kila wiki au kila mwezi kwa watu wanaopenda kazi zao. Mtu mmoja mwenye wasomaji 200 waliojiandikisha wenyewe aghalabu hupata kazi nyingi kuliko mwenye anwani 5,000 alizozinunua.

Sheria inavyosema

Nchini mwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara asiloliomba, isipokuwa kama ameridhia, tangazo linaonyesha tangu mwanzo ni nani analituma na kwa kusudi gani, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa matangazo mengine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeongeza uzito wa wajibu huo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, azitumie kwa kusudi lililotajwa wakati wa kuzikusanya, na azilinde. Mwenye taarifa anayo haki ya kumzuia mkusanyaji asizitumie kwa matangazo ya biashara.

Wenye wateja wa nje wafahamu pia kwamba kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaweza kumhusu hata mfanyabiashara asiyeishi huko, endapo anawauzia bidhaa au huduma watu waliomo ndani ya Umoja huo. Hivyo nyumba ya wageni inayowatangazia Wajerumani au Wafaransa haiko nje ya jambo hili.

Kampuni zinazotoa huduma ya barua pepe nazo zimekaza masharti. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail wathibitishe utambulisho wao, na katika barua za matangazo waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja. Aidha, inawataka watumaji wahakikishe kuwa barua zinazolalamikiwa na wapokeaji hazifiki 3 kati ya kila 1,000. Anayetuma ovyo huona barua zake zikiangukia katika sehemu ya barua taka, hata zile zilizotumwa kwa watu waliozitaka.

Kikundi kinavyoweza kuanza

Si kila biashara inahitaji barua pepe. Muuza chakula ambaye wateja wake wote ni majirani atanufaika zaidi kwa ujumbe mfupi wa simu. Kikundi chenye wateja wa mbali, kwa upande wake, kinaweza kufuata hatua hizi:

1. Fungueni anwani ya kikundi, isiyo ya mtu mmoja. Viongozi wakibadilika, nywila ibadilishwe na kukabidhiwa kwa maandishi, kama yanavyokabidhiwa madaftari ya fedha.

2. Wekeni daftari la wageni lenye safu ya kuuliza: “Je, ungependa kupokea habari zetu kwa barua pepe?” Asiyejibu ahesabiwe kuwa amekataa. Andikeni na tarehe ya ridhaa.

3. Msinunue orodha ya anwani, wala msichukue anwani kutoka kundi la harusi, la msiba au la kanisani na msikitini. Waliozitoa walizitoa kwa jambo jingine.

4. Mnapowaandikia watu wengi kwa pamoja kwa njia ya kawaida, wekeni anwani zao katika sehemu iliyoandikwa Bcc. Mkiziweka katika sehemu ya wazi, kila mpokeaji ataziona anwani za wenzake wote, na kosa hilo halirudishwi nyuma.

5. Andikeni kwa ufupi jambo moja. Mada ya barua iseme kweli kilichomo ndani. Mwishoni wekeni jina la kikundi, mahali kilipo, na sentensi inayoeleza jinsi ya kujiondoa.

6. Anayeomba kuondolewa aondolewe siku hiyohiyo, pasipo kuulizwa sababu.

Mpokeaji naye ajilinde

Mkazi anayepokea barua asizoziomba anayo haki ya kudai aondolewe, na akipuuzwa anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume. Hata hivyo, kiungo cha kujiondoa kibonyezwe tu pale ambapo mtumaji anafahamika. Barua ya mtu asiyejulikana iwekwe katika sehemu ya barua taka bila kujibiwa, kwa sababu jibu humthibitishia tapeli kwamba anwani hiyo ina mtu.

Matapeli huiga sura ya benki, ya wakala wa ajira na hata ya Serikali. Tazameni anwani yenyewe ya mtumaji, msiishie kwenye jina linaloonekana juu yake. Anwani za ofisi za Serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Barua inayojiita ya Halmashauri huku ikitoka katika anwani ya kawaida ya bure, na kudai malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, ichukuliwe kuwa ya utapeli hadi ofisi yenyewe itakapothibitisha. Wala msimpe mtu yeyote nywila au namba ya siri kwa barua pepe, hata akijitambulisha kwa cheo gani.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hasa vinavyopanga kutafuta masoko kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, vinahimizwa kulizungumza suala hili na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata wakati wa kuandaa maandiko ya biashara. Mwanakikundi mmoja akabidhiwe rasmi utunzaji wa orodha ya wateja, na jina lake liandikwe katika muhtasari wa kikao. Anwani ya mtu ni amana kama zilivyo fedha za kikundi, kwa hiyo anayeishika ajulikane, naye awe tayari kutoa maelezo pale mwenyewe atakapomuuliza imetumiwaje.