Mjusi wa Kufuga Tanga: Anza na Nyumba, Kisha Mikono

Mtoto anayeomba mjusi wa kufuga huwa ameshamchagua kabla hajafungua mdomo. Amemwona kwenye simu: kidevu chenye miiba, ametulia begani mwa mtu, anapokea panzi mkononi. Mjusi huyo asili yake ni Australia, na utulivu wake una sababu. Australia hairuhusu wanyama wake wa porini kuuzwa nje wakiwa hai, kwa hiyo hao wanaouzwa Ulaya na Marekani wamezaliwa kizimbani, vizazi juu ya vizazi, na wamemzoea binadamu tangu walipotoka yaini. Mjusi unayeweza kumkamata Tanga hana malezi hayo. Ametoka msituni, shambani au ukutani kwako, na mkono unaomshukia kutoka juu anauona kama kipanga anayekuja kumla.

Ndiyo maana mzazi anayenitaka ushauri huwa namwomba aache kwanza kumfikiria mjusi, aifikirie nyumba. Ina joto kiasi gani mchana na usiku? Nani hubaki nyumbani? Umeme ukikatika inakuwaje? Kisha aifikirie mikono ya watakaomtunza: wanataka mnyama wa kushika, au wa kutazama? Wengi hujibu upesi kwamba wanataka wa kushika. Hapo ndipo penye tatizo, maana karibu mijusi wote wa pwani yetu ni wa kutazama.

Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Huliazima kwenye jua, jiwe au ukuta, na likimzidi hukimbilia kivulini. Tumbo lake husaga chakula vizuri akiwa na joto linalomfaa. Akipoa mno chakula huoza tumboni, akipata joto kupita kiasi hufa kwa saa chache. Kwa hiyo anayemfungia mjusi ndani ya kizimba amemnyang'anya njia yake ya kujiponya, na sasa ni yeye anayepaswa kumpa jua na kivuli kwa vipimo sahihi, kila siku.

Tuanze na kinyonga, kwa sababu mkoa wa Tanga ni moja ya sehemu tajiri zaidi duniani kwa vinyonga, na kwa sababu ndiye anayeteseka zaidi mikononi mwa watu wanaompenda. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana penginepo. Yupo yule mkubwa wa Usambara Mashariki, Kinyongia matschiei, na mwenzake Kinyongia vosseleri, aliyepewa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha Amani mwaka 1902. Usambara Magharibi, upande wa Lushoto, yupo Kinyongia multituberculata, dume lake lina pembe mbili za magamba puani. Yupo wa pembe tatu, Trioceros deremensis, ambaye jina lake limetoka Derema, jirani na Amani. Chini kwenye majani makavu wanatembea vinyonga wadogo wa rangi ya udongo ambao mtu anaweza kuwapita bila kuwaona hata mmoja. Hao Kinyongia wa pembe mbili waliandikwa kwa miaka mingi kama aina moja, fischeri. Ilipofika mwaka 2008 watafiti walipima vinasaba vyao na kuwatenganisha. Maana yake ni kwamba vinyonga wengi waliosafirishwa nje kwa jina hilo moja walikuwa aina tofauti, kila moja na mlima wake.

Sasa mchukue kinyonga wa Lushoto, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako usiku watu hujifunika blanketi, umshushe hadi chumba cha bati Ngamiani mwezi wa Februari. Mwili wake umezoea ubaridi wa usiku; ndipo anapopumzika. Huko Tanga mjini joto la usiku wa kiangazi halishuki hivyo, na feni haimsaidii, kwa sababu hana jasho la kukaushwa na upepo. Atafumba macho mchana, jambo ambalo kinyonga mzima halifanyi, na wenye nyumba watasema ametulia, kumbe anakufa.

Kuna pia suala la maji. Kinyonga kwa kawaida hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone ya mvua na umande yaliyotulia juu ya majani, kwa hiyo anaweza kufa kwa kiu huku kisahani kimejaa maji mbele yake. Na ukimshika, rangi anazogeuza zikawafurahisha watoto ni namna yake ya kusema hataki. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza, kwa kumchunguza kinyonga wa Madagaska, kwamba chini ya ngozi yake kuna chembechembe kama vioo vidogo mno zilizopangwa kwa safu. Kinyonga akisisimka, nafasi baina ya chembe hizo huongezeka na mwanga unaorudi hubadilika kutoka kijani kwenda njano au nyekundu. Hageuki ili afanane na kitambaa ulichomweka. Akiwa mweusi, amefungua mdomo na kujivimbisha, ana hofu au hasira, na adabu ni kumwacha.

Hata kinyonga wa kawaida wa tambarare, yule mkubwa wa kijani mwenye mapezi shingoni anayeonekana Muheza na Pangani, ambaye joto letu halimsumbui, hapendi kushikwa. Hana sumu. Watu wengi humkimbia au kumpiga mawe kwa hofu tu, na ningefurahi sana hofu hiyo ikiisha. Lakini kutomwogopa si sababu ya kumfungia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata mnyamapori, na wa kuulizwa ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Vinyonga wa Usambara pia wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita, na waziri akaisimamisha mara moja baada ya wananchi kulalamika.

Anayeona zuio hilo ni kali mno asome habari za mjusi wa buluu wa Kimboza. Ni mdogo, hafiki urefu wa kidole kirefu na kiganja kwa pamoja, dume lake buluu ya kung'aa, na makao yake makuu ni msitu mdogo wa Kimboza mkoani Morogoro, kwenye mikadi ya porini yenye majani ya miiba. Wafugaji wa Ulaya walimpenda. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya 32,000. Wengine waliikata mikadi yenyewe ili kumfikia, wakaharibu nyumba pamoja na mwenye nyumba. Mwaka 2012 akaorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Hakuna hata mmoja kati ya wanunuzi wale aliyekusudia kuumaliza msitu. Kila mmoja alitaka mjusi mmoja au wawili sebuleni.

Wapo wanaosisitiza kushika. Huku kwetu watakutajia guruguru, mjusi mnene wa magamba magumu anayeishi mashimoni na kwenye vichuguu, au kenge. Guruguru ni kweli huzoea watu kuliko wengine na hula vingi, wadudu na matunda pia, ila anataka udongo wa kuchimba na eneo kubwa la kuota jua, vitu ambavyo chumba na sebule havina. Kenge simshauri mtu yeyote. Wa majini hufika mita 2, ana kucha, ana meno, na mkia wake ni bakora. Ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada au Muscat wana nafasi nyingine: huko unanunua mjusi aliyezaliwa kizimbani, kwa risiti. Kwa nyumba ndogo na mikono ya watoto wakubwa, mjusi chui ndiye ningemchagua. Asili yake ni Pakistani, Afghanistani na India, anatembea chini badala ya kuparamia kuta, na hupokea kushikwa kwa upole. Mwanao ajue tu kwamba mnyama huyo huishi miaka 15 hata 20. Yule wa Australia mwenye kidevu cha miiba anataka kizimba kikubwa, sehemu ya kuotea yenye nyuzi joto karibu 40, na taa ya miale ya urujuanimno.

Taa hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapowaua mijusi wao bila kujua. Mijusi wa mchana hutengeneza vitamini D kwa jua linalogusa ngozi, kama sisi, na bila vitamini hiyo hawawezi kutumia madini ya kalsiamu. Mifupa inakuwa laini, taya linapinda, miguu inapata kile ambacho kwa mtoto tungekiita matege. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya miale inayohitajika. Kwa hiyo anayeweka kizimba cha kioo dirishani kwenye jua la Tanga amempa mnyama joto la tanuri na kumnyima dawa iliyomo juani. Na pakitokea ugonjwa, daktari wa mifugo wa karibu amezoea zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku.

Basi mkazi wa Tanga afuge nini? Ninamwelekeza kwa wale ambao tayari wanaishi naye, bila kizimba.

Mchana, kwenye shina la mnazi au ukuta wa ua, mtafute mjusi mdogo mwenye kichwa cha njano na mwili wa kijivu. Ni wa ukoo mmoja na yule wa Kimboza, Lygodactylus, na kwa macho yangu uzuri wake unatosha kabisa. Dume hushika mti wake pamoja na majike wachache, na dume mwingine akisogea hujivimbisha na kuonyesha koo lake jeusi. Ukikaa kivulini na mtoto kwa nusu saa utaona vita, uchumba na uwindaji wa sisimizi. Tazama ncha ya mkia: ina kibandiko cha kunatia, kama vile vya vidoleni, hivyo ni kama ana mguu wa tano.

Usiku zamu ni ya mjusi kafiri. Huyu ameifuata taa yako kwa sababu taa huvuta wadudu, naye hula nondo, mbu na mende wadogo. Hana kope zinazofumba, ndiyo maana hulamba macho kuyasafisha. Mchana akiwa ufani ni mweusi-mweusi, usiku ukutani anapauka. Jike hutaga mayai mawili mawili yenye ganda gumu, nyuma ya kabati au kwenye boriti ya paa. Ametoka Afrika akavuka bahari kwa vyombo, na mtaalamu aliyempa jina la kisayansi mwaka 1818 alimpata kwenye visiwa vya Karibi.

Namna anavyotembea darini iliwasumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Hana gundi wala hafyonzi ukuta. Vidole vyake vina vinyweleo vingi mno vyenye ncha zilizochanuka, na kila ncha inakaribia ukuta kiasi kwamba chembe za mguu na chembe za ukuta huvutana zenyewe. Fizikia huziita nguvu za van der Waals. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipima nguvu ya unyweleo mmoja wa ndugu yake mkubwa wa Asia, mwenye karibu nusu milioni ya vinyweleo kila mguu.

Mwache aparamie, usimkamate. Akishikwa mkia huuacha ukirukaruka akakimbia, na mkia huo ulikuwa ghala lake la mafuta. Utaota mwingine, lakini kwa gharama ya chakula cha wiki nyingi. Zipo nyumba zetu za pwani ambako huuawa kwa sababu za kidini. Hilo ni la kumuuliza sheikh wako, na simwingilii mtu kwenye imani yake. Anayetaka abaki, apunguze dawa ya kupulizia wadudu, aache taa moja ya kibaraza, awafungie paka usiku.

Mjusi kafiri hana sumu, hata akiuma. Hatari yake kiafya ni kinyesi. Reptilia wengi hubeba tumboni bakteria wa salmonela bila kuugua, na kwa binadamu bakteria hao huleta homa, kuharisha na maumivu ya tumbo. Kwa mtoto mchanga wanaweza kuingia kwenye damu. Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa wadogo mwaka 1975 kwa sababu hiyo hiyo, baada ya watoto wengi kuugua. Funika sufuria na mitungi, futa meza kabla ya kupakua, na chakula kilichodondokewa na mjusi au kinyesi chake kitupwe. Aliyemshika mjusi wa aina yoyote anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Vyombo vya mjusi wa kufugwa visioshwe jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasiwashike kabisa. Kutazama hakuna madhara.