Nyumba ya Kupangisha: Tuhesabu Kinachobaki

Familia nyingi za Bijombo zikipata feza, iwe ya kijana aliye kwenye chimbo la dhahabu au ya ng'ombe waliouzwa, zinawaza kununua nyumba Uvira na kuipangisha. Wazo si baya. Hatari ni kuhesabu feza inayoingia tu, bila kuhesabu inayotoka. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama mbele ya kujenga mnara.

Basi tuketi, tukamate kalamu.

Mfano

Tuseme nyumba ya milango minne inauzwa dola 6.000, na kila mlango unapangishwa dola 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 960. Muuzaji atakuambia: «Miaka sita na kidogo, feza yako yote imerudi!» Usikubali bado. Toa hizi kwanza:

– kila mlango kukaa mtupu mwezi mmoja: 80
– mpangaji mmoja kukosa kulipa miezi miwili: 40
– mabati, choo, kufuli, rangi: 150
– kodi ya Serikali na karatasi: 130
– mtu wa kuangalia nyumba, kwa sababu wewe uko mlimani: 120

Jumla ni dola 520. Kinachobaki ni dola 440 kwa mwaka. Sasa feza yako itarudi karibu kwa miaka kumi na nne, si sita. Na kama ulikopa, ukilipa deni dola 50 kila mwezi, ni 600 kwa mwaka. Utakuwa unaongeza dola 160 kutoka mfukoni, na watoto wanangoja feza ya masomo.

Hizi ni hesabu za mfano tu. Wewe uliza bei za kweli kwa wapangaji wa avenue ile, si kwa komisioneri anayetafuta sehemu yake.

Garanti si mapato

Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Feza ile ni ya mpangaji, utamrudishia siku akitoka. Ukiila, umekula deni.

Angalia udongo

Kwa nini parsele fulani ni ya bei ndogo? Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wengi wakakufa, nyumba nyingi zikabomoka. Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda, likaingia katika nyumba za kandokando. Nyumba iliyobomoka haina pango.

Tena, tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali. Haki yako inaonyeshwa na sertifika ya kuandikisha. Barua ya mauzo peke yake haitoshi. Peleka karatasi ofisi ya udongo mbele ya kutoa hata franka moja.

Kijana, ketini pamoja: wewe, bibi yako na wazazi. Andikeni hesabu yenu. Kama kinachobaki ni kidogo, ngojeni, au tafuteni nyumba nyingine. Ng'ombe aliyeuzwa kwa haraka harudi zizini.