"Compadre": Jina Lililozaliwa Kwenye Kisima cha Ubatizo

Anayesikiliza mazungumzo ya watu wa Mexico, Chile au Uhispania hachelewi kulisikia neno "compadre". Vijana huitana hivyo barabarani, na wafanyabiashara sokoni vilevile. Mgeni hudhani kuwa maana yake ni "rafiki" tu. Kumbe neno hilo limetoka kanisani.

Asili yake ni Kilatini "compater", yaani anayeshiriki ubaba na mwingine. Mtoto abatizwapo, msimamizi wake wa kiume huitwa "padrino" na wa kike "madrina". Mzazi na msimamizi nao huitana "compadre" wakiwa wanaume, na "comadre" wakiwa wanawake. Kwetu, jina "msimamizi wa ubatizo" lamtazama mtoto. Neno la Kihispania lawatazama pia watu wazima waliosimama kandokando yake. Majirani wawili huingia kanisani wakiwa majirani na kutoka wakiwa ndugu. Zipo jumuiya nchini Mexico ambamo marafiki waliozoea kuitana "tú", wewe ya mazoea, huanza kuitana "usted", wewe ya heshima, tangu siku ya ubatizo.

Mama Kanisa naye aliutazama undugu huo kwa uzito, hata ukawa kizuizi cha ndoa. Mtaguso wa Trento, katika karne ya 16, ulikipunguza kizuizi hicho, lakini ulikibakiza kati ya msimamizi na wazazi wa mtoto. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwaondoa wazazi, na zile za mwaka 1983 hazikukitaja tena. Hata hivyo, katika Makanisa Katoliki ya Mashariki, kwa sheria zao za mwaka 1990, kizuizi hicho kingalipo, na wazazi wamo.

Katika matumizi ya kila siku neno limetanuka mno. Ufilipino, iliyotawaliwa na Wahispania, "kumpare" limefupishwa kuwa "pare", na mtu aweza kumwita hivyo asiyemfahamu kabisa. Upande wa kike, mkunga huitwa "comadrona", na kitenzi "comadrear" maana yake ni kupiga umbea. (Wanaume, inaonekana, ndio waliotunga kamusi.)

Lenye kuhuzunisha zaidi ni lililoipata "padrino". Wapo wasemao kwamba mwenye padrino ndiye abatizwaye, wakimaanisha kuwa pasipo mkubwa wa kukushika mkono hupati kazi wala haki. Hapo msimamizi amegeuka kuwa mfadhili. Nasi tusiwacheke, maana katika parokia zetu pia huulizwa nani ana gari na nani atagharimia sherehe, kabla ya kuulizwa nani anasali.

Kanuni ya 874 haitaji mali. Yamtaka msimamizi awe ametimiza miaka 16, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi Takatifu, na aishi maisha yanayolingana na imani na wajibu anaoupokea. Tena yakataza baba au mama wa mtoto kuwa msimamizi wake. Anayetafutwa ni mtu wa pili, atakayeweza kumwuliza mzazi, miaka kumi baadaye, kwa nini mtoto wao haonekani kwenye mafundisho.