Mgeni, Mwenyeji na Barabara: Lawama za Wanaohamia Miji Mingine

Karani anayehamishwa kutoka Nairobi kwenda Mombasa hakawii kuwaandikia jamaa zake habari mbili. Ya kwanza ni kwamba madereva wa pwani hawajui kuendesha motokaa: husimama katikati ya njia wakasalimiana, na tuktuk hupenya mahali pasipotosha baiskeli. Ya pili ni kwamba watu wa pwani humchekea mgeni barazani lakini hawamkaribishi ndani. Karani wa Mombasa anayepelekwa Nairobi naye huandika habari mbili: madereva wa bara wana wazimu, na watu wa bara hawajui salamu. Ukiziweka barua hizo pamoja utadhani zimeandikwa kwa kalamu moja, ila majina ya miji yamebadilishwa.

Si makarani tu wanaohusika. Katika miaka ya 1970 serikali iliwapa wakulima wengi wa bara mashamba huko Mpeketoni, katika Lamu. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao, na malalamiko yakawa mengi. Tena tangu mwaka 2017 reli mpya imemwezesha mtu kunywa chai ya asubuhi Nairobi na kula chakula cha mchana Mombasa. Yafaa basi lawama hizi zipimwe, ionekane ni zipi zenye kweli na ni zipi ni mazoea ya ulimi tu.

Tuanze na barabara. Mombasa ni kisiwa. Anayetoka upande wa magharibi hupita Makupa, wa kaskazini hupita daraja la Nyali, na wa kusini hungoja feri ya Likoni. Kwenye feri, mwenye haraka na asiye na haraka huvuka kwa chombo kimoja na kwa saa moja. Katika Mji wa Kale vichochoro vilijengwa kabla motokaa haijabuniwa. Humo dereva asiyempisha mwenzake hukwama pamoja naye. Watu waliofunzwa na njia za namna hiyo hujifunza kungoja na kusemezana, na mgeni huona ni uzembe.

Nairobi ina mwalimu mwingine. Matatu zilipata jina lao kwa nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu. Tangu zamani desturi ya kazi hiyo imekuwa kwamba dereva na makanga humpelekea mwenye gari fedha zilizopatanwa kila siku, na kinachozidi ndicho chao. Kwa mapatano hayo kila dakika ina bei, na kila abiria aliyechukuliwa na gari jingine ni hasara. Haraka hiyo haitokani na damu ya mtu wa bara, bali na hesabu ya jioni. Ndiyo sababu matatu za Mombasa zifanyazo kazi kwa mapatano yale yale hukimbizana vile vile, ijapokuwa dereva amezaliwa Kisauni.

Ushahidi mwingine ulionekana mwaka 2004. Waziri wa Uchukuzi, Bwana John Michuki, aliagiza kila matatu iwe na mikanda ya viti na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Kwa muda abiria walikaa kwa nafasi na magari yalikwenda kwa utaratibu. Kisha usimamizi ulipolegea, mambo yakarudi yalivyokuwa. Madereva walikuwa ni wale wale. Hawakubadilika kabila wala hawakuhamishwa mji. Kilichobadilika ni sheria na mkono wa kuisimamia.

Tena anayelaumu madereva wa watu ni nadra kujilaumu mwenyewe. Mwaka 1981 mtaalamu aitwaye Ola Svenson alichapisha matokeo ya uchunguzi wake, ambamo aliwauliza wanafunzi wa Marekani na wa Sweden kama ustadi wao wa kuendesha motokaa ulizidi ule wa wenzao. Kwa Wamarekani, 93 katika kila 100 walijiweka katika nusu iliyo bora; kwa Waswidi, 69. Hesabu hiyo haiwezekani, kwa maana nusu ya watu lazima wawe chini ya nusu nyingine. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule.

Tuje sasa kwenye ukarimu. Mtu wa pwani akikutana na mwenzake asubuhi humwuliza hali yake, ya nyumbani, ya watoto na ya kazi, ndipo aseme haja yake. Kwake, anayeanza na haja ni kama aliyeingia bila hodi. Mtu wa Nairobi, ambaye amesafiri saa mbili kufika kazini, huona kwamba kumchelewesha mwenzake kwa maneno ni kumwonea, na kumwachia nafasi yake ni adabu. Wote wawili hutaka kuwa watu wema, ila kila mmoja hupima wema kwa pishi ya kwao.

Na lile baraza linalolalamikiwa, mgeni angeuliza angejua maana yake. Nyumba za Waswahili tangu kale zimewekewa mahali pa kupokea wageni hapo nje au mlangoni, ili mgeni apate heshima yake na watu wa ndani wapate sitara yao. Aliyeketishwa barazani hakufukuzwa. Amewekwa mahali palipojengwa kwa ajili yake. Kadhalika Mmombasa anayesema kwamba jirani zake wa Nairobi hawana utu, na angoje siku atakapofiwa. Wale wale wasiomsalimu ngazini huitisha kamati, huchanga fedha, na hukodi basi la kupeleka maiti kwao. Ukarimu upo pande zote mbili, lakini hauingii kwa mlango mmoja.

Kwa nini basi mgeni huona kasoro tu? Mwaka 1960 mtaalamu wa mila za watu, Kalervo Oberg, alieleza kwamba mtu aendaye kuishi kwa wageni hupita katika hali nne. Kwanza hufurahia kila kitu. Kisha vitu vidogo alivyovijua humkosa: salamu, bei, chakula, namna ya kukata foleni, naye huona uchungu, akawatafuta watu wa kwao ili wakae pamoja na kuwasema wenyeji. Hali ya tatu ni kuanza kujifunza, na ya nne ni kuzoea. Oberg aliona kwamba katika vikao vile vya hali ya pili ndimo hutungwa majina mabaya ya kuwaita wenyeji. Lililo la hatari ni kwamba wengine hukomea hapo miaka yote.

Mwandishi wa Marekani, Walter Lippmann, alipotafuta jina la mawazo ya namna hiyo mwaka 1922 alilichukua kwa wapiga chapa. Alilitumia jina la lile bamba la madini linalopiga karatasi elfu zote sawasawa. Anayesema “madereva wa pwani” au “watu wa bara” anatumia bamba: hatazami tena mtu aliye mbele yake, hupiga chapa tu. Hata sifa njema hupigwa hivyo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu, akawasifu watu wake kuwa ni wacha Mungu na waaminifu. Sifa ni nzuri, lakini usiku mmoja ni mfupi kwa kuujua mji.

Kama mambo yangekoma kwenye barua na mizaha, pasingekuwa na neno. Lakini nchi ya Kenya imekwisha kuona mwisho wake. Katika Agosti 1997 watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia jirani zao waliotoka bara. Watu zaidi ya 100 walikufa, na maelfu walikimbia nyumba zao. Sababu zilikuwamo siasa, ardhi na kazi, na malalamiko ya ardhi yalikuwa na kweli, maana wenyeji wengi wa pwani hawana hati za mashamba waliyolima babu zao. Hata hivyo aliyeumizwa hakuulizwa kama alimnyang'anya mtu shamba. Ilitosha kwamba alitoka bara. Bamba lilikwisha kumhukumu. Kwa sababu hiyo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022, yalikuwamo “wakuja” na “wabara waende kwao”. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, humpa kila raia haki ya kukaa popote nchini.

Ahamiaye mji mwingine afanyeje? Kwanza, ajifunze salamu za mahali kabla hajajifunza bei, kwa kuwa salamu ni ufunguo usiouzwa. Pili, akiudhiwa barabarani, aandike namba ya gari na aipeleke kituoni. Namba ina mwenyewe, lakini “watu wa huku” hawana anwani. Tatu, asitoe hukumu kabla mwaka haujapita, naye apate rafiki mmoja mwenyeji wa kumwuliza sababu ya mambo. Nne, mwenyeji naye ana wajibu. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo si adhabu. Ni kusema kwamba mtu huyu si mgeni tena, ana sehemu yake katika kazi, katika msiba na katika shauri la kijiji.

Kila mji una madereva wabaya na majirani wakavu, wala haina haja ya kuficha. Aliyekosa na atajwe kwa kosa lake, na mji alikozaliwa uachwe nje ya mashtaka.