Picha za arusi: mambo ya kupatana kabla ya siku kufika



Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, parokia zetu za Kivu huwa na arusi nyingi. Wachumba wanapokuja kuzungumza na mchungaji, tunaulizana juu ya mahari, juu ya ndoa ya serikali, juu ya wasimamizi na kwaya. Habari ya picha huja mwishoni kabisa, wakati watu wamekwisha simama ili waage, au haiji. Halafu siku ya arusi ikifika, picha ndizo zinazoleta maneno.

Nakumbuka ibada moja niliyoongoza. Bwana arusi alikuwa amekwisha kumvika mwenzake pete, akina mama wanapiga vigelegele. Mpiga picha akanigeukia, akasema: «Mchungaji, naomba warudie, mtu wa video alinifunika.» Wakarudia. Watu walicheka, lakini bibi arusi hakucheka. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akaniuliza: «Pete ya kwanza walivikana mbele ya Mungu. Ile ya pili walivikana mbele ya nani?» Sikuwa na jibu. Na kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu sikuzungumza na mpiga picha hata dakika tano kabla ya ibada.

Tangu siku ile, habari ya picha nimeiweka ndani ya mafundisho ya wachumba. Haya ndiyo ninayowaambia.

Picha si majivuno

Wako wanaosema kwamba mkristo asihangaike na picha. Sikubaliani nao. Tukisoma Yoshua sura ya 4, Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka mtoni, ili watoto wao watakapouliza maana ya mawe yale, wazazi wawe na neno la kuwaambia. Picha ya arusi ni jiwe la namna hiyo. Siku moja mtoto wenu atauliza: huyu bibi aliyesimama karibu na mama ni nani? Nanyi mtamsimulia.

Sisi wa Mashariki tunalijua jambo hili kwa uchungu. Januari 2002, na tena Mei 2021, moto wa Nyiragongo uliteketeza nyumba za watu wa Goma. Vita navyo vimefukuza jamaa nyingi kutoka vijijini na mijini, wakitoka na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Keti na watu hao, wakisimulia vilivyopotea watataja nyumba, watataja mbuzi, kisha sauti inashuka na mtu anasema: «Na picha ya baba, ile moja tuliyokuwa nayo.»

Kwa hiyo picha ina thamani. Lakini ni mtumishi wa ndoa. Ikianza kuamuru ibada, mfuko na wazazi, imetoka mahali pake.

Anzeni na mfuko

Bwana Yesu, katika Luka 14, anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara na kuketi kwanza ahesabu gharama. Fanyeni vivyo hivyo. Semeni kwanza kiasi mlicho nacho kwa ajili ya picha, ndipo mtafute mpiga picha. Wengi hufanya kinyume: wanaona albamu ya rafiki, wanataka kama ile, wanakopa, na mwaka wa kwanza wa ndoa unaisha wakilipa deni la albamu ambayo hata haijatoka.

Kama feza ni kidogo, punguzeni saa, msipunguze ubora. Mpiga picha mmoja mzuri aliyekuja kwa ibada na picha za jamaa tu ni afadhali kuliko watu watatu wasiojua kazi wanaoshinda mchana mzima. Video, kitabu kikubwa cha picha na picha za wachumba kabla ya arusi vinaweza kungoja, au kuachwa.

Kumchagua mpiga picha

Msitazame picha kumi nzuri alizoweka kwenye Facebook. Kila mtu ana picha kumi nzuri. Mwombeni awaonyeshe arusi moja nzima, tangu asubuhi mpaka usiku, na tazameni mambo matatu.

Kwanza, picha za ndani ya kanisa. Makanisa yetu mengi yana madirisha madogo na mwanga kidogo. Je, nyuso zinaonekana, au ni ukungu tu?

Pili, nyuso karibu na gauni. Kamera ikipima mwanga kwa kufuata gauni jeupe, ngozi yetu hutoka giza, macho hayaonekani. Mpiga picha anayejua kazi hupima mwanga wa uso.

Tatu, namna anavyotengeneza picha kwa kompyuta. Wako wanaosafisha uso mpaka bibi arusi anafanana na mtu ambaye hata mama yake hamjui. Mwambieni wazi: rangi tuliyopewa na Mungu ibaki kama ilivyo.

Mwulizeni pia kama ana kamera ya pili, betri za akiba zilizojaa na kadi za kutosha. Umeme wetu mnaujua. Asiyejaza betri zake tangu usiku wa kuamkia arusi atawaomba mahali pa kuchomeka wakati bibi arusi anaingia kanisani.

Andikeni mapatano

Hata kama mpiga picha ni ndugu wa kwaya, andikeni. Karatasi moja inatosha, na kila upande ubaki na nakala. Ndani yake muandike:

- tarehe, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza;
- ni sherehe zipi: mahari, komine, kanisa, karamu;
- picha ngapi zilizotengenezwa mtapokea, na kama mtapewa pia zile zote alizopiga;
- albamu ya kurasa ngapi, na video ya muda gani kama ipo;
- siku ya kupokea kazi;
- bei yote, na kama ni kwa dola au kwa faranga;
- nani atakuja akiugua;
- kama ana ruhusa ya kutangaza picha zenu kwenye mitandao.

Malipo yagawanywe mara tatu: sehemu ya kwanza mnapopatana, ya pili siku ya arusi, ya mwisho mnapopokea kazi mkononi. Kila mara ombeni risiti. Aliyelipwa yote mapema atashughulika na arusi ya Jumamosi ijayo, na nyinyi mtampigia simu mpaka mzae mtoto wa kwanza.

Mahari, komine na kanisa

Kwetu ndoa ina milango mitatu, na kila mlango una adabu yake.

Siku ya mahari ni siku ya wazee. Msilete mpiga picha bila kuomba ruhusa kwa baba wa binti au kwa msemaji wa jamaa. Mazungumzo na kuhesabu feza si mambo ya kupigwa picha wala kutumwa kwa WhatsApp. Kiasi cha mahari kikizunguka mjini, aibu huangukia pande zote mbili. Picha zipigwe wakati wa salamu, wa kutoa zawadi na wa kula pamoja.

Kwenye komine chumba ni kidogo na ndoa za siku hiyo zinaweza kuwa nyingi. Mpiga picha mmoja anatosha. Picha ya maana ni ile ya kutia sahihi, nyinyi wawili pamoja na mashahidi. Lakini kumbukeni kwamba picha haithibitishi ndoa mbele ya sheria, hati ya ndoa ndiyo inayothibitisha. Ikaguliwe majina yote kabla hamjaondoka, na nakala yake muitunze. Tena, afisa atawauliza mmechagua utaratibu gani wa mali. Sheria yetu ya Familia, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, ina taratibu tatu. Nimeona wachumba waliopatana hata rangi ya tai za picha, lakini swali hilo likawakuta wakitazamana. Lizungumzeni nyumbani kwanza.

Kanisani, mleteni mpiga picha kwa mchungaji siku chache kabla, au siku ya mazoezi. Mimi huwaonyesha mahali pa kusimama na mahali pasipovukwa. Huwaambia kwamba wakati wa kuingia, pete, kutia sahihi kitabu cha kanisa na kutoka, wana uhuru. Wakati wa neno la Mungu na wakati wa maombi ya baraka, wakae mahali pao na wazime flashi. Nawaambia pia kwamba hakuna kurudia. Mpiga picha mzuri hupenda kuambiwa hivi, kwa sababu akijua utaratibu wa ibada anajiweka tayari mapema.

Anayechukua video aombe kuunganishwa na mashine ya sauti ya kanisa. La sivyo, miaka ijayo mtaona midomo yenu ikisogea na mtasikia tu watoto wakilia. Watu wa protokole nao waombwe kuwaambia wageni wakae na simu zao vitini. Simu ishirini zikijaa katikati ya kanisa, hata kamera ya bei kubwa itapiga migongo.

Saa na mwanga

Kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa: macho yanajaa vivuli na watu wanakunja uso. Mwanga mzuri kwa picha za nje ni kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu. Kama ibada inaisha saa saba, pigeni picha za jamaa chini ya kivuli cha mti au ukuta wa kanisa, na picha zenu wawili ziachwe jioni.

Lakini ratiba zetu huchelewa. Saa moja ikipotea kwa saluni, inakatwa kwenye picha. Hivyo bibi arusi aanze kujitayarisha mapema kuliko anavyodhani.

Chagueni mahali pa karibu. Wageni hawawezi kungoja chakula saa mbili huku nyinyi mko ziwani. Na mwangalie usalama: msipige picha karibu na kambi ya askari, uwanja wa ndege, daraja au mpaka. Mnaweza kumaliza siku yenu mkijieleza mbele ya maafisa. Kamera ya kuruka isiletwe bila ruhusa ya wakubwa. Kwa watu waliokimbia mabomu, sauti ile angani si sauti ya furaha.

Picha za jamaa

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, na hapa ndipo thamani ilipo. Andikeni orodha ya makundi, yasizidi kumi na mawili. Chagueni mtu mmoja kwa kila upande, shangazi au baba mdogo anayejua watu wote na mwenye sauti, awe ndiye anayewaita. Mpiga picha hawezi kujua mama mkubwa ni yupi.

Anzeni na wazee sana: babu na bibi, kisha wazazi, kisha wajomba na mashangazi, ndugu, wasimamizi, wachungaji, kwaya. Vijana wa rika lenu waje mwisho, wao wanaweza kungoja na mtakutana nao tena. Bibi aliyetoka mbali kwa pikipiki na fimbo yake huenda hamtasimama naye tena mbele ya kamera. Mpeni kiti, mpige magoti karibu naye, picha ipigwe bila haraka.

Kama baba au mama amekwisha lala katika Bwana, zungumzeni mapema ni nani atasimama mahali pake, ili mtu asiulize swali hilo mbele ya watu wote.

Baada ya arusi

Mkipokea kazi, siku hiyo hiyo fanyeni nakala mbili: moja ikae nyumbani, nyingine kwa wazazi au kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi huharibika, simu huibiwa, mpiga picha hufuta kadi yake ili afanye kazi nyingine. Kama mnaweza, wekeni nakala ya tatu kwenye intaneti.

Kisha chagueni picha ishirini, zichapishwe kwenye karatasi. Nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu ya risasi majina, mahali na tarehe. Zitieni ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na nakala ya hati ya ndoa na vyeti vya watoto watakaokuja. Siku ya kutoka nyumbani kwa haraka, Mungu aizuie, mkono utajua pa kushika.

Na wazazi wa pande zote mbili wapewe kila mmoja picha yao. Wao ndio waliowalea mpaka siku hiyo.

Wapendwa, hakuna kamera itakayoonyesha kama mlisameheana usiku ule wa kwanza mlipokosana. Hilo mtalijenga wenyewe kwa neema ya Bwana. Lakini tengenezeni mambo ya picha mapema, ili siku ile msimame mbele ya Mungu na mbele ya watu wenu mkiwa na moyo uliotulia, na pete ivalishwe mara moja tu.

Mungu abariki nyumba yenu.