Wewe unaona vitambaa vya kochi, wenzako wanaona kazi

Kama umelelewa Kenya, vitambaa vya kochi unavijua. Vyeupe, vyenye maua na vitundu, vimelazwa mgongoni mwa kila kiti, juu ya redio, hata juu ya televisheni. Ukikalia kimoja vibaya kikaanguka, unasikia jina lako likitajwa lote, na la babako juu yake. Wengi tuliapa kwamba tukipata nyumba zetu hatutaki kuviona. Halafu ghafla TikTok ikajaa vesti za krosheti, kofia za krosheti na mikoba ya krosheti, na wanaozivaa ni watu wa rika lako. Mshono ni ule ule wa mathe. Kilichobadilika ni rangi.

Basi safari ijayo ukienda Maonyesho ya Kilimo ya Nakuru, usikimbilie bembea na chipsi moja kwa moja. Pitia kwanza kwenye vibanda ambako vikundi vya akina mama hupanga kazi zao za mikono: sweta, vikapu, vitambaa vya meza, na mablanketi ya kuungwa vipande, yale ambayo Kiswahili sanifu huyaita mifarishi. Najua vijana hupita hapo haraka kama wanaopita dirisha la karo. Leo simama kidogo.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko unavyodhani. Chama kinachoandaa maonyesho haya, ASK, mizizi yake ni ya mwaka 1901, wakati walowezi walipotaka jukwaa la kuonyeshana mifugo na mazao. Mwaka 1952 kikaja chama cha Maendeleo ya Wanawake. Serikali ya mkoloni ilitaka vilabu vyake vifundishe akina mama ushonaji, upishi na usafi, na baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba mwaka huo, ikavitumia pia kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Lakini sindano ikishafika mkononi mwa mtu, anayeamua atashona nini ni yeye. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho, na baadaye akawa mbunge wa Karachuonyo. Mikutano ya kushona ilikuwa pia mikutano ya kupanga mambo.

Sufu nayo ina kisa chake hapa kwetu. Lord Delamere alipoanza kufuga kondoo wa sufu Njoro miaka ya mwanzo ya 1900, wengi walikufa. Baadaye iligunduliwa kwamba nyasi za sehemu hizi zina upungufu wa madini ya kobalti, na ugonjwa unaoletwa na upungufu huo ukapewa jina la mji wetu: Nakuruitis. Ndiyo, tuna ugonjwa wetu wenyewe.

Leo, karibu na Njoro hiyo hiyo, kuna Kenana Knitters. Walianza mwaka 1998 kama njia ya kuwapa akina mama wa kijijini kipato. Sufu inasokotwa kwa mkono, inatiwa rangi kwa mimea, kisha inafumwa ikawa wanyama wa kuchezea watoto: twiga, tembo, simba. Wanauzwa hadi ng'ambo. Lakini kitu kitakachokugusa ni kidogo sana: kila mnyama hubeba lebo yenye jina la mama aliyemfuma. Mtoto aliye Uingereza anaweza kulala amekumbatia jina la mtu wa Njoro.

Sasa tuingie kwenye doh, maana najua ndipo ulipokuwa unangoja.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui kuhusu krosheti: hakuna mashine inayoifanya. Sweta ya kawaida inaweza kufumwa na mtambo kiwandani, lakini krosheti halisi hushonwa kwa mkono, kitanzi kimoja baada ya kingine. Ukiona topu ya krosheti inauzwa bei ya kutupa, iwe ya dukani au ya mtumba, jua kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaishona. Bei ikiwa chini hivyo, kuna mkono haukulipwa vizuri.

Chukua mfano wa dada wa Kaptembwo anayeuza vesti kwa Sh1,500. Tuseme uzi umemgharimu Sh700 na kukutumia mzigo Sh100. Amebaki na Sh700. Kama aliishona kwa saa 14, amelipwa Sh50 kwa saa. Halafu wewe unamwandikia, “Sis, nifanyie 1,100.” Akikubali, amebaki na Sh300, yaani kama Sh21 kwa saa. Umeokoa pesa ya chipsi na soda, naye ametoa siku mbili za maisha yake. Kwa nini hivyo hivyo hatusemi dukani kwenye viatu vyenye nembo kubwa? Huko tunalipa tukinyamaza.

Na kama wewe ndiye muuzaji, chanuka. Andika saa ulizotumia. Wengi wanahesabu uzi tu na kusahau mikono, mwisho wanafunga biashara wakisema krosheti haina pesa.

Kuna sababu nyingine ya kusimama pale kwenye vibanda. Uwanja huo wa maonyesho, mapema mwaka 2008, haukuwa na bembea. Ulikuwa umejaa mahema ya maelfu ya watu waliofukuzwa makwao kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kama ulizaliwa baada ya hapo, waulize wakubwa wako nyumbani, polepole. Majirani wa miaka mingi waligeuka wageni kwa usiku mmoja.

Nairobi kuna kikundi kiitwacho Amani ya Juu, kilichoanza mwaka 1996 na wanawake wakimbizi. Watu wa mataifa na makabila yaliyokuwa yakipigana waliketi meza moja, wakashona pamoja, na miongoni mwa kazi zao ni mifarishi. Hakuna aliyedai kwamba kitambaa kinafuta vita. Ila kuunga vipande kuna sharti moja gumu: lazima ukae karibu na mwenzako, umwombe mkasi, umngoje amalize upande wake. Mazungumzo huanzia hapo. Hebu fikiria Rhonda, Bondeni, Free Area na London kila mtaa ulete kipande chake, na vijana ndio washone. Vipande vipo bure. Fundi yeyote wa cherehani ana gunia la mabaki chini ya meza yake.

Ukifika kwenye maonyesho, angalia kama jaji. Kwanza omba ruhusa, kisha geuza kitambaa utazame upande wa nyuma. Hapo ndipo uvivu hujificha. Angalia kama nyuzi zimefichwa ncha. Angalia kona za vipande: zinakutana sawasawa au zimepishana? Mishono ni ya urefu mmoja? Mfarishi wa kweli una tabaka tatu, kitambaa cha juu, pamba ya kati na kitambaa cha chini, na mshono lazima ushike zote. Uvute taratibu. Ukiachana, umejua.

Halafu muulize mama aliye pale, kwa heshima, alichukua muda gani na nani alimfundisha. Wengi watakuonyesha mshono wa kwanza hapo hapo bila kukutoza. Unahitaji kulabu moja, uzi na nusu saa. Vitanzi vyako vya kwanza vitapinda na utachekwa kidogo, ni sawa. Fumua uanze tena; uzi haukasiriki. Ukitaka kununua, muulize bei, na ukiwa nayo, mlipe aliyoisema.